Bomba la Jetski ya Zahanati

Siku ya pili ya msiba pale Lupepo, Gwakisa alikuwa bado anapasua kuni nyuma ya nyumba, na hakuna aliyemuuliza alikuwa nani kwa marehemu. Wanawake walipotaka kuni, aliwapa. Walimletea ndizi na chai, akaviacha vikapoa.

Gwakisa hakuwahi kumwona marehemu mwenyewe. Aliitwa Winfrida, mke wa Erasto, mwalimu ambaye kwao ni Lupepo, na waliishi katika kijiji kimoja kando ya Ziwa Nyasa, mahali gari halifiki. Alijifungua salama mtoto wa kike, kisha damu ikawa haikatiki. Zahanati ya kijiji haikuwa na damu ya kumwongezea. Damu ilikuwa hospitalini ng'ambo ya ghuba, nusu saa kwa jetski, ile pikipiki ya majini waliyopewa na wafadhili kwa dharura za namna hiyo.

Dereva wa jetski, Emiliani, alitumwa saa nane mchana. Saa kumi alirudi kwa miguu, amelowa, mikono mitupu. Alisema injini imechemka ikazima nyuma ya mwamba, akaisukuma mpaka nchi kavu. Kabla jua halijazama Winfrida alikuwa amekata roho.

Na bomba la moshi la injini ile alikuwa amelipaka Gwakisa.

Karakana yake iko Makandana, Tukuyu mjini. Hupaka mabomba ya moshi na vifuniko vya injini rangi ya kauri, ile inayozuia joto la moshi lisiunguze vilivyo jirani. Unalipiga bomba kwa mchanga wa mashine mpaka ling'ae, unapuliza rangi, unalioka kwenye tanuri saa nzima. Lisipoiva, rangi hubanduka na injini hupata moto.

Siku ya bomba lile umeme ulikatika dakika ya ishirini. Emiliani alikuwa kwenye benchi anasubiri, na gari la kushuka ziwani lilikuwa karibu kuondoka. Gwakisa alilitoa bomba, akaliacha lipoe, akaligusa kwa ukucha. Rangi ilikuwa bado laini.

"Limeiva?" Emiliani aliuliza.

"Limeiva."

Wiki tatu baadaye Emiliani ndiye aliyempigia simu kumpa habari za msiba. Gwakisa alimwambia atashuka kesho yake akalione bomba.

"Usije, fundi," Emiliani alisema. "Hakuna cha kuona. Nimewaambia ni joto tu. Wewe sikukutaja."

Hakuwa na lawama hata moja. Gwakisa angekuwa radhi atukanwe.

Sasa Emiliani naye alikuwa hapa Lupepo, ameketi mwisho wa benchi la wanaume, kofia ameivuta mpaka kwenye nyusi. Kila Gwakisa alipopita na kuni, Emiliani aligeukia upande wa migomba. Gwakisa aliona ni haki yake. Nani angependa kumtazama mtu kama yeye?

Mchana ule, ndani, kichanga kililia. Kililia muda mrefu, kisha sauti ya bibi yake ikasikika ikikibembeleza kwa Kinyakyusa. Gwakisa aliweka shoka chini. Alinawa mikono, akaizunguka nyumba mpaka mbele ya wanaume, akachuchumaa.

"Mwalimu, naomba niseme."

Erasto aliinua kichwa. Macho yalikuwa mekundu, ndevu za siku kadhaa.

"Mimi ni fundi wa Makandana. Bomba la jetski nililipaka mimi. Umeme ulikatika, nikalitoa kabla ya wakati. Nikasema limeiva."

Emiliani alisimama ghafla, akakaa tena.

"Ulijua?" Erasto aliuliza. "Ulijua kwamba halijaiva?"

"Nilijua."

Kijana mmoja alianza kuinuka, Erasto akamzuia kwa mkono. Alimtazama Gwakisa kama mwalimu anayesoma jibu ambalo hakulitegemea.

"Nenda nyumbani, fundi," alisema mwishowe. "Sina nguvu za kukuchukia leo."

Mama yake Erasto, Atuganile, alikuwa amesimama mlangoni na mtoto kifuani. Alikuwa amesikia yote. Gwakisa alijiandaa kwa neno lolote.

"Ndaga, mwanangu," bibi yule alisema. "Asante kwa kusema. Wengine wangenyamaza."

Gwakisa alitoka akiwa ameinamisha kichwa. Njia ilipita katikati ya mashamba ya chai ya watu. Wachumaji wawili walimsalimia, naye hakujua kama aliitikia. Aliapa kwamba tanuri lile hataliwasha tena.

Alisikia hatua nyuma yake. Emiliani alikuwa anakuja mbio, kofia mkononi.

"Kwa nini umesema?" alimuuliza akitweta. "Nilikwambia sikukutaja."

"Sikuweza kukaa nalo."

"Ungekaa nalo tu, fundi."

Walisimama wakitazamana, na ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba uanze. Gwakisa aliona mtu aliyekonda, mwenye macho ya mtu asiyelala.

"Nisamehe, kaka," Gwakisa alisema. "Ulikuwa peke yako majini, na mashine nimeiharibu mimi. Ungeweza kufa na wewe."

Emiliani alifunika uso kwa kofia. Mabega yalianza kumtikisika.

"Upepo ulikuwa mkali," alisema. "Mawimbi yalikuwa yanapanda juu ya mwamba. Mimi nina watoto, fundi."

Emiliani alishusha kofia.

"Mashine sikuiwasha."