Maji ya Mkono wa Kulia

Bi Shuwena alikuwa ameosha maiti wa mtaa ule kwa miaka mingi, lakini leo alikuwa bado hajaligusa kopo la maji. Aliyelazwa mbele yake ni Mize, jirani ambaye yeye Shuwena alimzushia uchawi mpaka mume wa Mize akamwacha.

“Mama aliusia uje wewe,” alisema Salha, binti wa marehemu, huku akisogeza ndoo.

“Alijua ni mimi niliyemzushia?”

“Tangu siku ile. Kila Idi alikuwekea kikombe cha kahawa. Akisema, ‘Atakuja tu kuniomba radhi.’”

Kila Idi Shuwena aliupita mlango ule mbiombio. Kila baada ya sala alimlilia Mungu amsamehe. Kupiga hodi kwa Mize ndiko kulikomshinda.

Aliuinua mkono wa kulia wa maiti, akaumiminia maji.

“Niwie radhi, Mize. Niwie radhi, mwenzangu.”

Akamimina tena. Na tena.

“Mara tatu zimetimia, bibi,” Salha alisema taratibu. “Tuendelee.”

Shuwena hakuuachia. Alichota kopo jingine, akamimina, macho yake kwenye vile vidole, kama anayengoja vimshike.