Mfano: Chiriku

Kwenye kompyuta, nilikiburuta kiolezo cha swali mpaka kwenye fomu mpya ya wagonjwa. Swali likatokea: "Ukizidiwa, tumpigie nani?" Chini yake, ndani ya kisanduku, maandishi ya kijivu: "Mfano: Chiriku, dawati la dirishani."

Chiriku ni mimi. Aliniita hivyo mtu mmoja tu, mtengeneza fomu mwenzangu, aliyehamishiwa tawi jingine mwaka jana. Alituachia violezo vyake ili tusihangaike kuunda kila kisanduku upya. Hiki sikuwahi kukigusa.

Miaka minne tuliketi tukitazamana, nami nasema kama chiriku kweli, ila neno moja la moyoni halikunitoka. Siku ya kuondoka tulipeana mikono kama wageni.

"Futa huo upuuzi, dada," mkuu wetu akasema nyuma yangu. "Ukibadilisha kwenye kiolezo, zinabadilika fomu zote, hata za tawi lile."

"Hata anazofungua yeye?"

"Zote."

Nikafuta, herufi moja moja. Mkuu alipogeuka, nikaandika: "Mfano: Chiriku. Bado yupo dirishani."

Nikabonyeza Hifadhi.