Chachu ya Jana

Tangu Athumani azikwe, kompyuta yake ilikuwa ikimwuliza mjane wake, Mwanamkasi, swali lile lile kila adhuhuri: "Umekula, mke wangu?" Akafuta hiki, akafuta kile, wapi! Swali likarudi. Mwishowe akaamua kuzijenga upya programu zote, moja baada ya nyingine, kutoka kwenye maandishi ya asili yaliyozizaa, vile marehemu alivyomfundisha.

Feni ya mashine ilinguruma tangu alfajiri. Kando yake wifi yake Chausiku, dada wa marehemu, ambaye hakuwa ameingia nyumba ile tangu matanga, alikuwa akikanda unga wa mkate.

Kazi ilipokwisha, mashine ikajizima, ikawaka tena. Kioo kikabaki cheusi, kitupu. Mwanamkasi akashusha pumzi.

"Swali limetoka, wifi. Kila kitu humu ni kipya."

"Na hicho chombo kilichozijenga programu, umekitoa wapi?"

"Kilikuwamo humu humu. Lazima cha zamani kiwepo ndipo kijenge kipya. Athumani alikitengeneza kwa mkono wake."

Chausiku alikuwa ameshika donge la unga wa jana uliochachuka, lile la kuumulia mkate wa leo. Mkono ukamganda juu ya bakuli.

Msikitini kukaadhiniwa adhuhuri. Kwenye kioo herufi zikajiandika, polepole:

"Umekula, mke wangu? Na dada je?"

Bakulini, unga ambao haujatiwa chachu ulikuwa umeanza kuumuka.