Karibu Nyumbani

Kisu kilikuwa kimezama ukingoni mwa keki pale nahodha wa nyambizi ya mumewe alipompigia Loretta makofi.

"Hongera, shemeji! Jamaa kasoma uhandisi wa nyuklia kwa njia ya mtandao mpaka kapata shahada ya pili. Sasa ni wetu miaka mitano zaidi. Jeshi halisomeshi bure, ati!"

Wageni wakacheka.

Loretta alimgeukia mumewe. Alikuwa amelea watoto peke yake, kwa kuwa mume aliapa kwamba shahada hiyo ndiyo ingemtoa baharini.

"Ulijua?"

"Nilisaini mkataba siku ile ya kwanza ya masomo, mpenzi. Ningekwambiaje?"

Juu ya keki Loretta alikuwa ameandika kwa krimu, "Karibu nyumbani." Alilifuta neno la pili kwa kidole gumba, taratibu, mpaka krimu ikamjaa ukuchani.

Kisha akamkatia mumewe kipande, kama mgeni yeyote.

"Karibu," alimwambia.