Mlamula wa Mpakani

Ukungu wa Kituntu ulikuwa bado umelalia migomba Adventina alipotoa mashine ya kupimia. Ilikuwa kazi ya kwanza ya ofisi yake mpya. Jirani yao mzee ndiye aliyemwita, apime mpaka kati ya kibanja chake na cha baba yake Adventina.

"Pima, mwanangu," baba alisema. "Mlamula huo ndio mpaka."

Adventina aliushika mti ule. Gome lilikuwa baridi, lina umande. Mikono yake ikakumbuka ukungu kama huu, akiwa na miaka sita, akiushikilia mlamula huu wima huku baba akishindilia udongo, hatua nne ndani ya kibanja cha jirani.

Akairudisha mashine sandukuni.

"Tafuta mpima mwingine, mzee," alimwambia jirani. "Kanuni za kazi haziniruhusu kupima cha kwetu. Mimi niandike kama shahidi wako."