Goti la Ng'ombe

Supu ilikuwa tayari imeanza kuchemka, lakini Sabine alikuwa bado ameshika goti la ng'ombe kiganjani. Wachukuzi wa bandari ya Kalundu wanaamini kwamba supu ya goti huponya goti, na baba yake alikuwa amebeba simenti pale tangu ujana wake.

"Papa, gusa hapa," alisema. Somo lenyewe alikuwa amelipata juzi tu, kwenye shule ya uuguzi. "Hii nyeupe ni gegedu. Ndani iko protini moja, kolajeni, imesukwa sawa na wavu. Iko na ingine yenye inakunywa maji na kuvimba, na ule wavu unaishikilia. Ukibeba muzigo, maji inatoka. Ukipumzika, inarudia."

Baba yake alibonyeza kwa kidole gumba. Gegedu likabonyea kidogo, kisha likarudi. Akatabasamu.

"Basi leo ninapumzika. Kesho iko mashua ya simenti inafika."

Upande wa pili wa goti lile Sabine alikuwa ameona mahali ambapo weupe ule ulilika mpaka kwenye mfupa, pakabaki panakwaruza kama tofali. Wavu ukichanika hivyo, mwalimu wake alikuwa amesema, mwili haujui kuushona upya. Akalizungusha goti taratibu, upande ule ukaelekea sufuria.

Mzee akamshika mkono, akaligeuza. Alipitisha kidole pale palipolika, halafu akakipeleka kwenye goti lake mwenyewe.

"Na hii ngombe," akauliza, "ilikuwa inabebaka nini?"