Malkia Mwanazidi Asiye na Uso

Katika kila nyumba, picha ambayo ukuta haukuitambua ilifutwa ifikapo adhuhuri. Ndiyo sheria, na Salha alikuwa roho juu. Alikuwa amemchora ukutani Malkia Mwanazidi, aliyelisha kisiwa kizima mwaka wa njaa kubwa, bila uso wala taji: mbuzi ya nazi tu, na chembe nyeupe zimetawanyika kama nyota.

"Nani huyu?" ukuta ukauliza.

"Malkia."

"Simwoni. Nataka shahidi wa pili."

Mama mkwe wake, Bi Mwatumu, akaitazama picha, akasonya. "Malkia gani huyu, mwanangu? Umechora jiko langu." Lakini alipomwona Salha machozi yakimlengalenga, akaugeukia ukuta. "Ndiye. Mimi shahidi."

Picha ikabaki.

Alasiri Bi Mwatumu aliketi kwenye mbuzi yake chini ya picha hiyo, akaanza kukuna nazi ya mchuzi.

"Shikamoo, Malkia," ukuta ukasema.

Salha alitaka kuusahihisha, akahofia usije ukaifuta picha. Bi Mwatumu alisita, kizio cha nazi mkononi. Miaka arobaini alikuwa amekuna nazi pale bila kuamkiwa na mtu.

"Marahaba," akaitika, akanyoosha mgongo, akaendelea kukuna.